Uzi: Nilivyoanza kusoma historia ya dunia na fikra za ujamaa juu ya meza ya kukatia nguo, Kisumu

Fundi wa Kibuye

Wadau, hamjambo. Mimi ni fundi wa cherehani hapa Kisumu, upande wa Kibuye. Nilimaliza kidato cha nne, sikuendelea. Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa kubishana siasa kwa sauti kubwa: likitajwa neno ujamaa, mmoja anasema Urusi, mwingine anasema Tanzania, wa tatu anasema hayo ni mambo yaliyokufa, na hakuna kati yetu aliyekuwa amefungua kitabu. Naandika leo kwa sababu najua wako wengi wanaotaka kusoma historia ya dunia na fikra za kijamaa lakini wanaanzia pagumu, wanakata tamaa, kisha wanadhani tatizo ni akili zao.

Mimi nilianzia pagumu kabisa. Nilikipata Das Kapital cha Karl Marx, juzuu ya kwanza, kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya barabara pale mjini. Nilifurahi, maana katika sura ya kwanza tu Marx anazungumza juu ya yadi ishirini za kitani na koti moja, na fundi wa nguo yumo humo humo. Nikasema huyu mzee ananijua. Kurasa arobaini mbele nilikuwa nimepotea kabisa. Kile kitabu kikalala juu ya kabati mwaka mzima.

Kilichonitoa hapo ni kijitabu kidogo cha Marx huyo huyo, Wage Labour and Capital. Desemba 1847 alikuwa Brussels akiwahutubia wafanyakazi wa Kijerumani, watu wa mikono kama sisi, akiwaeleza mshahara ni nini. Hotuba hizo zikatoka gazetini Aprili 1849. Kwa kuwa alikuwa anasema na watu waliotoka kazini wamechoka, anakwenda polepole. Kuna mahali anamtaja mfumaji anayefuma hariri saa kumi na mbili, na anauliza: je, huyu anajitengenezea hariri? Hapana. Anachojitengenezea ni mshahara. Hariri inamfikia ikiwa imegeuka koti la pamba, sarafu chache za shaba, na chumba cha chini ya ardhi.

Nilikuwa ninashona mashati ya shule siku nilipousoma ukurasa huo. Nilishika chaki ya kukatia, nikapiga hesabu pale pale mezani juu ya mbao. Shati moja mimi nalipwa shilingi 80. Kitambaa 180. Vifungo, kanvasi ya kola, uzi na umeme, tuseme 30. Kodi ya chumba ukiigawa, 40. Jumla 330. Shati linauzwa 600. Zinabaki 270. Nashona mashati kumi kwa siku, kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Ukizichukua zile 270 na 80 zangu, ndiyo thamani inayoongezeka kitambaa kinapopita mkononi mwangu: 350 kwa shati, 3,500 kwa siku. Mimi napata 800. Maana yake kufikia saa nne na robo asubuhi nimeshajilipa. Kuanzia hapo hadi jioni nashona kwa ajili ya mtu mwingine.

Niliitazama ile chaki kwa muda mrefu. Sikumkasirikia mwenye duka, maana ni mama mwema na amewahi kunikopesha pesa za hospitali. Kilichonishika ni kwamba nilikuwa nimekaa kwenye kiti kile miaka tisa bila kuuliza swali hilo.

Baada ya hapo ndipo nikaingia kwenye historia ya dunia, nikiwa na swali mkononi: nani anafanya kazi, na inayozidi inakwenda wapi? Nilianza na Walter Rodney, How Europe Underdeveloped Africa. Rodney alikuwa mtu wa Guyana, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kitabu kikatoka mwaka wa 1972 akiwa na miaka 30. Anasema jambo moja juu ya barabara na reli za kikoloni ambalo huwezi kulisahau ukiwa mtu wa Kisumu: hazikujengwa ili Mwafrika akamtembelee rafiki yake, zilijengwa zishuke baharini. Reli yetu ilifika ziwani Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence. Ilitoka Mombasa ikaja moja kwa moja hapa ili kuifikia Uganda. Nimeishi karibu na reli hiyo maisha yangu yote na sikuwahi kuuliza kwa nini imelala hivyo ilivyolala.

Siku hizi tunasoma pamoja watu saba, kila Jumamosi saa kumi jioni, hapo hapo kwenye meza ya kukatia, mlango wa mabati ukiwa umeshushwa nusu. Mmoja anasoma kwa sauti, tunatafsiri sentensi kwa sentensi kwa Kiswahili, na hatuvuki aya mpaka kila mtu aseme amekubali au anapinga. Kurasa sita kwa jioni zinatosha sana. Yuko dada anayeuza omena, yuko mwendesha boda boda, yuko muuguzi. Nawauliza nyinyi: ni vitabu gani vilivyowafungua? Ninavyovitaka mimi ni vile mtu aliyechoka anaweza kusoma.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega

Fundi, nimefundisha historia miaka thelathini na moja na sijawahi kuona dibaji nzuri kuliko hiyo meza yako. Ila nikurekebishe jambo moja, kwa heshima. Kodi ya chumba umeiweka pamoja na kitambaa na uzi, kana kwamba ni gharama ya kawaida. Kwa hesabu ya Marx, kodi anayolipwa mwenye jengo, riba inayolipwa benki na faida anayobaki nayo mwenye duka vyote vinachotwa kwenye chungu kimoja, ile thamani ya ziada uliyoitoa wewe. Jengo halishoni. Kwa hivyo rudisha zile 40: thamani unayoongeza ni 390, na wewe unajilipa kufikia saa nne kamili. Mwenye duka hachukui yote. Wako wengine nyuma yake, na mara nyingi wanachukua kuliko yeye.

Uliuliza vitabu. Kwa historia ya dunia nzima, kuanzia ustaarabu wa kale hadi miaka ya 1930, nakupendekezea Glimpses of World History cha Jawaharlal Nehru. Ni barua 196 alizomwandikia binti yake Indira kutoka gerezani. Ya kwanza ameiandika Oktoba 1930, siku ya kuzaliwa ya binti huyo alipotimiza miaka 13, ya mwisho ni ya Agosti 1933. Kwa kuwa ni barua za baba kwa mtoto, hakuna majivuno ya usomi ndani yake, na kila barua unaimaliza kwa kikao kimoja. Anaeleza mapinduzi ya Ufaransa, viwanda vya Uingereza, Marx, Urusi ya 1917, yote kwa lugha ya nyumbani. Ni kikubwa mno kwa uzito, lakini hakuna anayekulazimisha kukisoma kwa mpangilio. Upungufu wake ni Afrika yetu hii ya kusini mwa Sahara, ambayo haipati nafasi inayostahili. Ndiyo maana ni vizuri mtu akilaze kando ya Rodney.

Na kwa kuwa umemtaja yule mfumaji wa hariri: katika sentensi hiyo hiyo Marx anamtaja pia mtu anayechimba dhahabu. Sisi wa Kakamega tunalijua hilo. Mwaka wa 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya ardhi za wenyeji, ikaahidi kwamba ardhi za Waafrika zitabaki zao daima, na ikilazimu kuchukua sehemu, basi mwenyeji apewe ardhi nyingine badala yake na baraza lake liulizwe kwanza. Mwaka wa 1931 dhahabu ikapatikana hapa. Desemba 1932 sheria ikabadilishwa: fidia ya ardhi ikaondolewa, kuulizwa kwa baraza kukaondolewa. Daima ile ilidumu miaka miwili. Nilipokuwa nikifundisha mada ya dola na tabaka, sikuhitaji mfano wa Ulaya. Nilikuwa nawapeleka wanafunzi kwenye mashimo ya dhahabu ya Rosterman, wanaangalia wenyewe.

Kijana wa Nakuru

Nawasalimu wote. Nimesoma kwa makini na hesabu ya shati nimeielewa. Lakini niruhusiwe kuuliza kinachoniuma.

Familia yetu ni ya maskwota. Babu yangu alichunga ng'ombe na kulima kwenye shamba la mzungu huku Njoro, akilipa kwa siku zake za kazi ili aruhusiwe kulima kipande chake mwenyewe. Kwa hivyo sihitaji kuambiwa unyonyaji ni nini. Ninachouliza ni hiki: wale waliosoma vitabu hivi na kushika serikali, wamefanya nini? Urusi, mashamba yalichukuliwa kwa nguvu kuanzia 1929, na katika njaa ya 1932 na 1933 mamilioni wakafa Ukraini na Kazakhstani. Jirani zetu Tanzania, watu walibebwa kwa malori kupelekwa vijijini, nyumba nyingine zikachomwa ili wasirudi. Babu yangu alihamishwa na mzungu. Kama ningekuwa mtu wa huko ningehamishwa na mjamaa. Mnanipa sababu gani ya kusoma fikra hizi badala ya kusoma historia peke yake?

Fundi wa Kibuye

Mwalimu, nimefuta chaki na kuandika upya. Asante sana.

Ndugu wa Nakuru, swali lako tulikaa nalo Jumamosi mbili. Sitalijibu kwa haraka.

Kwanza, uliyoyasema ni kweli, na anayekuambia usome vitabu hivi huku akificha hayo, mwepuke. Tulisoma Azimio la Arusha, la Februari 1967, kisha tukasoma tathmini ya Nyerere mwenyewe ya mwaka wa 1977, miaka kumi baadaye. Huyo ni rais aliye madarakani, na anaandika kwamba nchi yake bado si ya kijamaa na bado haijajitegemea, anataja na makosa. Humo tuliona mambo mawili yakienda pamoja. Kampeni za kisomo cha watu wazima ziliwafikia wanakijiji ambao hakuna serikali iliyowahi kuwakumbuka. Na agizo la mwaka wa 1973, kwamba watu wote wa mashambani wawe wamehamia vijijini kufikia mwisho wa 1976, lilifanya hiari igeuke amri. Dada wa omena alisema neno ambalo nimeliandika ukutani: kijiji cha ujamaa kilianza kama chama cha akina mama, kikamalizika kama kambi. Anajua anachosema. Yeye ni mweka hazina wa chama, na anasema siku utakapomlazimisha mtu kuingia kwenye chama, hiyo siku chama kimekufa hata kama pesa zimejaa.

Kwa hivyo sisi tunasoma fikra hizi pamoja na yaliyotendwa kwa jina la ujamaa, tena hayo yaliyotendwa tunayasoma kwa makini zaidi.

Pili, hata sisi Wakenya tulikuwa na ujamaa wetu, na wengi humu hawajawahi kuusoma. Mwaka wa 1965 serikali ilitoa waraka wa bunge namba 10, juu ya ujamaa wa Kiafrika na mipango ya Kenya. Mboya ndiye aliyekuwa waziri wa mipango. Uchukueni muusome, si mrefu. Unasema matabaka makali kama ya Ulaya hayana mfano katika jamii ya Kiafrika. Kisha mbele unasema pesa za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa zaidi: penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Sasa fikirieni barabara na umeme mwaka wa 1965 vilikuwa wapi. Vilikuwa mahali walikokuwa walowezi. Waraka unasema hakuna matabaka, kisha unapeleka mbolea kwenye shamba lililokwisha kushiba.

Na aliyeona hilo mapema ni mtu wa hapa kwetu. Julai 1965 Barack Obama, baba yake yule wa Marekani, aliyekulia Kogelo huko Siaya, aliandika makala katika jarida la East Africa Journal akiukosoa waraka huo. Alionya juu ya mali kulundikana mikononi mwa wachache, na akasema matabaka yanaota mbele ya macho yetu. Nilipomaliza makala hiyo nilienda kukaa nje. Nimeishi saa moja na nusu kutoka Kogelo na nilijua habari za mtoto tu.

Tatu, na hili ndilo jibu langu hasa. Hapa Kisumu kuna hospitali kubwa ambayo mpaka leo mtu mzima akiugua anamwambia dereva nipeleke Russia. Sasa ina jina la Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa rais wa kwanza wa Kenya, lakini Russia halijatoka midomoni. Nilidhani ni jina la utani tu. Ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, na ilipofunguliwa tarehe 25 Oktoba 1969 watu walipigwa risasi barabarani, siku chache baadaye KPU, chama cha upinzani cha Jaramogi, kikapigwa marufuku na yeye akawekwa kizuizini. Muuguzi wetu hupita kwenye lango hilo kila siku ya kazi. Tulipokuwa tukisoma Not Yet Uhuru, kitabu cha Jaramogi cha mwaka wa 1967, yeye ndiye aliyesoma kwa sauti sehemu za kujiuzulu umakamu wa rais Aprili 1966, na alinyamaza katikati mara mbili. Ukisoma historia peke yake utajua tarehe. Ukisoma na fikra zile utajua walikuwa wanagombania nini: ardhi ya walowezi inunuliwe au igawiwe, na nani alipe.

Mama wa Mumias

Nimefuata uzi huu nikiwa jikoni, simu iko juu ya gunia la mahindi. Mimi ni mkulima wa miwa, nina watoto wanne, na sina nafasi ya kitabu cha kurasa mia tano. Kiingereza nasoma lakini kinanichosha. Mnavyoongea nyinyi ni kana kwamba vitabu vyote viko kwa Kiingereza. Hakuna vya Kiswahili?

Na nyingine: hiyo hesabu ya shati, ya muwa inapigwaje? Muwa unakaa shambani mwaka na nusu. Nikivuna, kuna pesa za kukata, za kusafirisha, za mbolea niliyokopeshwa, na mwisho karatasi inakuja inaonyesha mimi ndiye ninayedaiwa. Hayo yamenipata zaidi ya mara moja. Mshahara sina, mwajiri sina. Nimo wapi katika kitabu hicho?

Msomaji wa Kondele

Mama, vipo, na ni aibu yetu kwamba tunavisahau. Anza na Kuli cha Shafi Adam Shafi, kilichotoka mwaka wa 1979. Ni riwaya fupi ya wapagazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka wa 1948. Utaisoma kwa siku nne huku maharagwe yanachemka, na utakuwa umejifunza jinsi mgomo unavyojengwa, mtu kwa mtu, kabla ya mtu yeyote kusimama jukwaani. Baada ya hapo chukua Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Huyu ni Mmombasa aliyeandika kijikaratasi kilichoitwa Kenya Twendapi mwaka wa 1968, akiitetea KPU ile ile aliyoitaja Fundi, akafungwa miaka mitatu. Mashairi aliyaandika gerezani, juu ya karatasi za chooni. Watu wa huku ziwani tunadhani mwaka wa 1969 ulikuwa msiba wetu pekee. Kuna Mswahili wa pwani aliyekaa kwenye chumba cha upweke kwa ajili ya neno hilo hilo.

Na niseme jambo juu ya lugha, kwa sababu mimi ndilo linalonichoma. Kiswahili kinazijua fikra hizi kutoka ndani. Beberu ni dume la mbuzi, lile linalowapiga wengine pembe kwenye zizi, na ndilo neno tulilompa mtawala wa kigeni. Unyonyaji ni kazi ya kupe. Tanzania walisema kukata mirija, na kila aliyewahi kuona wazee wamezunguka chungu cha pombe na mirija yao mirefu, huku kwetu Magharibi hasa, anaiona picha hiyo bila kuelezwa. Bepari ni neno la Kihindi la mfanyabiashara, na lilipoingia kwetu lilikuwa na maana hiyo tu. Ndiyo maana Nyerere alipotafsiri mchezo ule wa Shakespeare wa mfanyabiashara wa Venisi mwaka wa 1969 aliuita Mabepari wa Venisi. Neno likabadilika mikononi mwa watu waliokuwa wanabadilisha nchi yao. Mnapotafsiri kwa sauti hapo mezani, hamfanyi kazi ya wanafunzi wasiojua Kiingereza. Mnafanya kazi ambayo ilikuwa imeachwa njiani.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega

Mama wa Mumias, swali lako ni gumu kuliko yote yaliyoulizwa hapa, na waandishi wa ujamaa wamegombana juu yake kwa miaka zaidi ya mia moja: mkulima mdogo yuko upande gani? Ana shamba, kwa hivyo si kibarua. Lakini hapangi bei, hapangi siku ya kuvuna, mbegu na mbolea anakopeshwa, na mnunuzi ni mmoja. Nikikupigia hesabu ya Fundi, wewe unalipwa kwa kipande kama yeye, ila hasara ya mvua na moto inabaki kwako. Kipimo changu ni hiki: angalia nani anaandika ile karatasi unayoletewa mwisho wa msimu. Aliyeshika kalamu ndiye aliyeshika shamba.

Na kwa kuwa unalima miwa, kuna kitabu kimoja ambacho ni lazima nikutajie, The Black Jacobins cha C. L. R. James, mtu wa Trinidadi, kilichotoka mwaka wa 1938. Ni habari za Haiti, ilipokuwa bado inaitwa Saint-Domingue, koloni tajiri kuliko zote za Ufaransa, na utajiri wake ulikuwa sukari iliyokatwa na watumwa kutoka Afrika. Agosti 1791 watumwa hao walichoma mashamba ya miwa. Wakapigana na Wafaransa, Wahispania na Waingereza, wakashinda, na tarehe 1 Januari 1804 wakatangaza nchi yao huru. Kiongozi wao Toussaint Louverture hakuiona siku hiyo. Alikamatwa kwa hila na kufia kwenye gereza la baridi katika milima ya Ufaransa, Aprili 1803. James anaandika kama mtu anayesimulia vita vya jana. Mnaweza kukisoma sura moja kwa mwezi.

Kijana wa Nakuru

Nimerudi. Nilikipata kile cha Nehru maktabani, nimesoma barua kumi na mbili. Mwalimu alisema kweli juu ya Afrika, inanikera kila ninapofungua faharasa. Lakini ile namna ya kuandika imenigusa. Yumo gerezani, hana vitabu vya kutosha, na bado anamwambia mtoto ukweli bila kumtisha. Nimeanza kumsomea mdogo wangu wa darasa la saba.

Fundi, sijakubaliana nawe kabisa juu ya Tanzania. Nataka kusoma ile tathmini ya 1977 mwenyewe kabla ya kusema zaidi.

Fundi wa Kibuye

Isome, ndugu, kisha uje utupinge. Meza inahitaji mtu kama wewe.

Nataka tu kuwaeleza yaliyotokea Jumamosi. Mwenye duka alikuja. Huwa anatuachia ufunguo na kwenda zake, lakini siku hiyo alipita chini ya ule mlango ulioshushwa nusu, akaikuta hesabu ya chaki ikiwa bado mezani, na marekebisho ya Mwalimu. Nilihisi miguu imekufa ganzi. Alisoma mstari kwa mstari. Kisha akaniomba chaki.

Hakufuta kitu. Chini ya ile ziada aliandika riba ya mkopo alionunulia cherehani tatu, akaandika na miezi ambayo shule zinachelewa kulipa, na alipomaliza kutoa, kilichobaki kwake kwa shati kilikuwa shilingi 60 na kidogo. Akasema, mnaandika kana kwamba 270 zote naziweka kwenye mkoba. Dada wa omena akamjibu kwa upole, mama, hakuna aliyesema ni mkoba wako, tunauliza ni wa nani. Walitazamana. Mwenye duka akaketi kwenye kiti cha cherehani namba mbili, na akabaki mpaka giza.

Hakukubaliana nasi. Bado nalipwa 80. Ila alipokuwa anaondoka aliuliza tunasoma nini juma lijalo, nikamwambia tunaanza habari za Haiti, lakini tunaanzia mwisho, mwaka wa 1825. Mwaka huo Ufaransa ilipeleka manowari na kuidai Haiti faranga milioni 150, fidia kwa waliokuwa wakimiliki mashamba na kumiliki watumwa, ndipo itambue uhuru wake. Mwaka wa 1838 kiasi hicho kikapunguzwa hadi milioni 90. Haiti ikakopa kwenye mabenki ya Ufaransa ili iilipe Ufaransa, na mikopo iliyotokana na deni hilo haikuisha mpaka 1947.

Akasimama mlangoni. Akauliza, hiyo riba ilikuwa asilimia ngapi?

Hatukuwa na jibu. Nimempa muuguzi kazi ya kuitafuta kabla ya Jumamosi. Mama wa Mumias, kama utakuwa na safari ya Kisumu, shuka Kibuye, ulizia mafundi wa sare za shule. Uje na ile karatasi yako ya miwa, tuiweke mezani.